Kisanduku Kwenye Jina Langu

Simu ilipomaliza kujisasisha asubuhi ile, nilifungua ujumbe wa mwisho wa mama, na jina langu lilikuwa limetimia.

Kwa miaka minne, katikati ya jina hilo palikuwa na kisanduku kitupu. Mama alikuwa mmoja wa wazee waliopigania herufi ya sauti moja ya lugha yetu iingizwe kwenye kompyuta. Ilipokubaliwa, akawa ananiandikia kila siku kutoka kompyuta ya shule. Simu yangu haikuwa na herufi hiyo, ikaweka kisanduku mahali pake.

"Mama, umenitumia kisanduku tena," nilimtania.

"Simu yako ndiyo haikujui," akajibu. "Nunua nyingine, bahili wewe!"

Sasa herufi ilikuwa imekaa pale na kistari chake kidogo, na baada yake maneno ya mama: *samaki nimewaacha barazani, wahi kabla ya mbwa.*

Chai ilinipoa mkononi. Nyumba nzima sikuwa na wa kumwonyesha.

Nikampigia mdogo wangu kule Kugaaruk, kijiji cha kaskazini kwenye barafu. Bintiye alizaliwa baada ya mazishi ya mama, akapewa jina lake, Niviatsiaq. Kwetu anayepokea jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe aliyerudi, kwa hiyo sote tunamwita mama.

"Mama yuko macho?"

"Ananyonya, kama kawaida yake."

"Mwekee simu sikioni."

Nikasikia pumzi ndogo, na kumeza, na pumzi tena.

"Mama," nikasema, "simu imenijua."

Kule, akaacha kunyonya.