Ugomvi wa Kila Asubuhi

Kisheria, Kishe, lugha yetu sisi Washe, kinahesabiwa kuwa hai mradi watu wawili wakizungumze kila siku mbele ya kisanduku cha serikali cha ukutani, kinachosikiliza na kuhifadhi sauti zao. Siku ikipita kimya, lugha inafungwa, inaandikwa imekufa. Katika milima hii ya Huidong, China, tulibaki wawili tu, mimi Suiying na wifi yangu Guimei, na hatukupendana hata chembe. Basi kila asubuhi alikuja tukagombana. Yeye alisema wali wangu mweusi wa sikukuu ni tope la bata. Mimi nilimwambia sauti yake inashuka pasipotakiwa katika maneno, kama mbuzi aliyeteleza. Taa ya kisanduku ikiwaka kijani, tulikunywa chai, akaenda zake.

Jumatatu tulimzika Guimei. Jumanne asubuhi kisanduku kikasema kwa sauti yake, kila neno likipanda na kushuka panapostahili: “Suiying, umeunguza tena wali?”

“Nyamaza, mchawi wee!” nikakijibu. Taa ikawaka kijani, nami nikala nikashiba.

Leo kimeniambia, “Wifi, nisamehe kwa yote niliyokutukana.”

Guimei hakuwahi kumwomba mtu radhi tangu azaliwe. Leo ndipo nilipojua amekufa. Kisanduku kinasubiri nijibu.