Mkanda wa Tatu

Tangu apasuliwe utumbo, haja ya Mzee Shaali ilitokea tumboni, ikaingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Tangu hapo hakukanyaga msikitini, kwa kuchelea mfuko usije ukabanduka safuni.

Dukani alijaribu mikanda miwili ya kuushikilia. Yote ilimkaa vizuri mbele ya kioo.

"Kusimama si kuinama, Baba Nasra," mkewe alisema, akimfunga wa tatu, mpana na laini. "Hebu sujudu tuone."

"Hapa dukani?"

"Kwani sakafu ina miiba?"

Akavua viatu, akapiga magoti, akaweka paji la uso chini. Mkanda haukubana. Mfuko haukusogea.

Muuzaji alitoka stoo, akamkuta vile, akadhani anaswali. Akazima redio upesi, akatandika mswala wake.

"Kibla ni huku, mzee," akanong'ona.

Mkewe alitaka kueleza. Lakini Mzee Shaali alikuwa ameshageukia kibla. Alipoinama tena, hakuwa akijaribu mkanda.

Mkewe alisimama mlangoni na ile mikanda miwili begani, kidole mdomoni, akiwanyamazisha wateja.