Mguu wa Dereva

Ndoo ya mashine ndogo iligoma kushuka. Opareta alibonyeza rimoti tena. Mota ikanguruma ndani ya kibanda chake cha bati, waya ukakaza kwenye kapi, lakini ndoo ikabaki inaning'inia juu ya meza. Akachovya sindano kwenye mafuta, akaigusisha kapi ile tone moja tu. Ndoo ikashuka kwa adabu, ikauma mchanga ndani ya karai.

"Ahsante, Mungu wangu," akanong'ona.

"Baba!" Binti yake alisimama mlangoni mwa stoo, uso umechangamka. "Wageni wanakuja. Unamkumbuka Chuma, yule mliyekuwa naye machimboni? Nilituma picha ya mashine yako kwenye simu, ikazunguka mpaka ikamfikia. Amesema lazima aje aione kwa macho yake."

Sindano ikamdondoka Opareta.

Mtaa mzima ulimwita Opareta, na jina hilo lilimwunguza kila lilipotajwa. Binti yake alipokuwa mdogo aliwahi kumwuliza, "Baba, kwa nini mikono yako ni myeusi hivyo?" Akaona aibu kumwambia kwamba kazi yake ni kupaka grisi. Akasema, "Ni ya mashine, mwanangu. Ile kubwa ya minyororo, inayochimba kwa kamba za chuma. Mimi ndiye ninayeiendesha." Mtoto akaenda kulitangaza shuleni. Uongo nao ukakua pamoja na mtoto, ukavaa viatu vyake, ukatembea mtaani wenyewe. Mke wake peke yake ndiye aliyejua ukweli, akaenda nao kaburini.

Dereva halisi alikuwa Chuma.

Ile mashine ndogo ya mezani, hata hivyo, aliijenga kwa haki. Aliijua mashine kwa vidole, kila kapi na kila pini. Alikata minyororo ya baiskeli akaifanya miguu, akatumia waya za breki kuwa kamba, akalehemu mkono mrefu kwa vipande vya fito za pazia. Mota zilitoka kwenye mashine mbovu za kuchapia ambazo binti alimletea kutoka shule anayofundisha. Kila jioni, baada ya sala, walikaa wawili mezani, naye binti alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama picha ya shujaa. Macho hayo ndiyo aliyoogopa kuyapoteza leo.

Akafunga mlango wa stoo, akapiga magoti kwenye vumbi la bati. "Nisitiri," akasema. "Sistahili, lakini nisitiri mbele ya mwanangu."

Walipoitoa mashine uani, majirani walikuwa wameshajaa.

"Opareta!" akapiga kelele fundi cherehani wa nyumba ya pili. "Hicho kijiko chako kitachimba kisima au kitatukorogea chai?"

"Kitaanza kukuchimbia wewe adabu," binti akamjibu, na watu wakacheka.

Chuma akaingia. Amezeeka, bega moja limelala. Nyuma yake alikuja mwanamke wa makamo mwenye mkoba kifuani, mtulivu, ambaye Opareta alimdhania kuwa binti wa Chuma.

"Shikamoo, baba," binti wa Opareta akamwamkia Chuma. "Karibuni sana! Baba ametusimulia yote. Yeye kwenye kiti, na wewe na kopo lako la grisi!"

Opareta akakodolea macho vidole vya miguu yake, akingoja kucheka kwa Chuma, kule kucheka kwa zamani kulikosikika mpaka chini ya shimo.

Chuma hakucheka. Alimtazama Opareta, akamtazama yule mwanamke, akalamba midomo.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nilikuwa wa grisi tu. Dereva ni huyu."

Machozi yalimlenga Opareta. Alitaka kumbusu mzee yule mikono. Aliona aibu, lakini chini yake palikuwa na faraja kama maji baridi.

"Hebu tuoneshe, ndugu yangu," Chuma akasema.

Opareta akabonyeza. Mashine ikatambaa, ikageuka kiuno, ikainua mkono. Ndoo iliyojaa mchanga ikapanda hadi juu kabisa, ikasimama. Watoto wakapiga makofi. Yule mwanamke hakupiga. Alikuwa ameikazia ndoo macho.

"Na kwenye ile kubwa," Chuma akauliza, sauti juu kidogo, "ndoo ikishafika juu hivyo, inashikwa na nini?"

"Na mguu wa dereva," Opareta akasema, akijisikia kama mwalimu. "Hakuna kingine. Mguu umekanyaga breki. Ukiuinua, ndoo inakuja chini kama jiwe."

"Na mguu huo ulikuwa wa nani?"

"Wa Opareta!" majirani wakaitikia.

"Mwacheni ajibu mwenyewe." Chuma alikuwa anatoka jasho. "Hukuwahi kumpisha mwingine kitini? Hata siku moja?"

Opareta akamgeukia binti yake. Alikuwa anatabasamu, kidevu juu, kama siku ile alipokwenda kutangaza shuleni.

"Hata siku moja," akasema. "Ulikuwa wangu siku zote."

"Umesikia, mama," Chuma akamwambia yule mwanamke, na bila kuaga akaanza kurudi nyuma kuelekea lango.

Mwanamke akaweka mkoba chini, akasogea mpaka mbele ya Opareta.

"Baba yangu alikuwa chini ya ndoo ile siku ilipoanguka," akasema taratibu. "Nimemtafuta sana mwenye mguu huo."