Kofia ya Papa na Tone la Maji

"Papa, unipatie kofia yako," alisema Karima. Maabara ya chuo haikuwa na kifaa cha kuugawa mwanga kuwa nukta za mchoro, na profesa alikuwa njiani kuja kuona jaribio lake.

Baba yake, mshona kofia wa mtaa wa Mangobo, alikuwa amemsindikiza; hakuwahi kuonekana kichwa wazi mbele za watu. Alisita, kisha akaivua.

Karima akaitandaza juu ya taa. Mwanga ukapenya vitundu vya maua yaliyodariziwa kwenye kofia na lenzi za hadubini, ukatua kwenye tone la maji. Chembechembe zilizoelea ndani yake zikajongea, zikasimama kila penye mwanga.

Mzee akachungulia kwenye hadubini.

"Ni maua yangu hii! Lakini apa, nilisahau tobo moja."

Akachomoa sindano kwenye kola ya shati lake, akaitoboa kofia.

Karima akainamia hadubini. Ukingoni mwa tone, chembe moja ilikuwa inakuja kwenye nukta mpya ya mwanga.