Mshono Chini ya Shuka

"Umewahi kupasuliwa?" mkunga alimuuliza dada yangu, kidole kikiwa tayari kwenye kigurudumu cha dripu. "Hii inaongeza uchungu. Kama una mshono wa zamani niambie, maana kizazi kinaweza kuchanika, uchungu ukakata ghafla."

"Apasuliwe wapi!" mama mkwe wake akadakia huku akicheka. "Nyonga hizo zinazaa timu nzima, mwanangu."

Jamani, anacheka hivyo huku mkono wake unavuta shuka taratibu, anafunika mshono wa mtoto wa kwanza! Njiani alishamwonya dada: ukiusema tu, wanakurudisha kwenye kisu.

Dada akafumba macho. Mkunga akafungua dripu.

Uchungu ulikuja kwa fujo, dada akawa anang'ata pindo la shuka. Dripu ilipofika nusu, ukakata ghafla, kama mtu kauzima.

"Si mnaona?" mama mkwe akasema. "Anapumzika."

Dada alikuwa anatokwa jasho la baridi. Akausukuma mkono wa mama mkwe, akalishusha shuka mwenyewe.

"Mkunga, nilipasuliwa."

Mkunga aliuangalia mshono. Alifunga dripu akatoka mbio, kiatu chake kimoja kikabaki mlangoni.