Kumsafisha Kimbunga

Fundi wa sauti alikuwa anaoka muziki.

Utepe wa zamani wa kurekodia ukikaa sana unanata, na ukiucheza hivyo unajimenya wenyewe. Dawa yake ni joto la kiasi. Kwa hiyo albamu ilikuwa imelala kwenye trei ya keki ndani ya oveni aliyoazima kwa mkewe, naye anaichungulia kwenye kioo kama mpishi mwenye wasiwasi.

Albamu yenyewe ilirekodiwa jukwaani miaka ya sabini, na bendi ya roki ya vijana wenye suruali za bugaluu, nywele nyingi na mazoezi machache. Ilisahaulika hata kabla haijajulikana. Kisha watu fulani wa mtandaoni, wale wanaopenda kitu kwa sababu hakuna mwingine anayekipenda, wakaifukua na kuisifu mpaka mwenye kampuni ya muziki akaamua kuitoa upya, ikiwa imesafishwa.

Wanabendi wote walikuwa wameshafariki. Aliyebaki ni mjane wa mpiga gitaa, yule aliyejiita Kimbunga. Alikuja studio mwenyewe, akaketi, mkoba mkubwa mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kabla masikio hayajafunga duka. La kushoto limeshafunga. Daktari anasema na la kulia liko njiani."

"Pole sana."

"Pole yako haisafishi utepe. Sikiliza. Santuri yangu ya nyumbani, hata ilipokuwa mpya, ilikuwa kama imerekodiwa ndani ya gunia. Upande wa pili, wimbo wa pili, katikati pale, hapasikiki kitu. Nataka nipasikie vizuri. Hata mara moja tu. Nilikuwepo siku ile, mbele kabisa. Ndiyo siku niliyomjua Kimbunga."

Fundi alikuwa na moyo laini, ingawa aliuficha nyuma ya miwani myeusi. Aliahidi kufa na kupona.

Utepe ulipopoa, akauhamishia kwenye kompyuta. Ulicheza mara hiyo moja tu, kisha ukamwaga unga wake wote uliobeba sauti kwenye mashine, ukabaki ukanda mtupu. Haidhuru, kila kitu kilikuwa kimeshaingia. Akaanza kukwangua: akaondoa mvumo wa jenereta, mikwaruzo, na kikohozi cha mtu aliyestahili kuwa hospitali. Wimbo wa pili ukang'aa. Solo ya Kimbunga ikajitokeza, na nyuma yake akajitokeza mwanamke.

"Shuka, mbuzi wewe!" Alisikika safi kabisa, kana kwamba yumo chumbani. "Unalipiga gitaa au unalikuna?"

Fundi akarudisha nyuma. Hakuwa ameota. Kila Kimbunga alipojaribu kupaa, mwanamke yule alimshusha. "Mama yako anajua uko hapa?" Ukumbi ukacheka. "Jamani, zimeni umeme tupumzike!" Kimbunga akakosea noti, akairudia, akaikosea tena.

Kibaya zaidi, mwanamke alikuwa anasema kweli. Kimbunga alipiga gitaa kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Fundi akampigia simu mwenye kampuni.

"Iache hivyohivyo," mwenye kampuni akasema huku akicheka. "Hiyo ni dhahabu. Wanaonunua vya kale wanapenda uchafu."

"Lakini mjane wake atakuja kusikiliza."

"Basi mwekee kiti."

Fundi hakuweza. Alimwazia bibi wa watu, amebakiwa na sikio moja, halafu sikio lenyewe linajazwa matusi anayotukanwa mumewe. Ilimuuma kwelikweli. Akamchukia yule mwanamke asiye na haya kana kwamba aliyetukanwa ni baba yake mzazi.

Akamng'oa. Neno kwa neno, cheko kwa cheko. Mashimo yaliyobaki akayaziba kwa makofi, na kwa kuwa albamu nzima haikuwa na makofi ya maana, akachukua yaleyale machache akayarudiarudia mpaka ukumbi ukasikika umefurika. Kisha, ili mwenye kampuni asije akamrudisha yule mchafuzi, akamfuta kwenye kompyuta moja kwa moja, bila kubakiza nakala. Akaegemea kiti, akajiona mtu mwema.

Bibi alipokuja, fundi alimvalisha hedifoni mwenyewe, akaiweka sawa kwenye sikio la kulia. Wimbo wa kwanza bibi akawa anagonga vidole juu ya mkoba. Wimbo wa pili ulipoanza, akanyoosha mkono kumnyamazisha fundi, ambaye hata hivyo hakuwa amesema kitu. Akafumba macho. Midomo ikaanza kumchezacheza, na tabasamu likamjia, la msichana mtundu.

Solo ikaingia. Kimbunga akapiga. Ukumbi ukashangilia.

Tabasamu likasita. Bibi akaibana hedifoni sikioni.

"Rudia," akasema.

Fundi akarudia.

"Rudia tena. Ongeza sauti."

Machozi yakaanza kumlenga bibi. Fundi, kwa furaha, akamsogezea boksi la tishu.

"Wanampigia makofi," bibi akasema.

"Sana, bibi. Walimpenda."

"Kimbunga? Kwa kupiga vile?"

Bibi akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu.

"Na mimi, mwanangu," akauliza, "umenitupa wapi?"