Ndege za Fundi Makame

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Siwatu, mwaka alioacha kazi ya kupika chai katika shirika la ndege la mjini kwetu.

Siku moja wakubwa wa shirika walikuwa wakichagua: ndege mpya za safari ndefu wanunue kwa kiwanda walichokizoea, au kwa kiwanda kingine? Wakamwita Fundi Makame, aliyezitengeneza zile za zamani miaka thelathini.

"Fundi, utawaacha wake zako?" mkurugenzi akamtania.

"Wake gani hao, kutwa kunywa mafuta!"

Wakacheka. Makame hakucheka. Alijua wakibadilisha kiwanda watakuja mafundi wengine waliozisomea hizo mpya, naye atarudi nyumbani.

"Chukueni za kiwanda kingine," akasema. "Zitafika ng'ambo bila kutua njiani. Za kiwanda chetu haziwezi."

Mlangoni Siwatu akampa chai. "Na wewe je, kaka?"

"Mimi nimesema kweli, dada."

Akaenda na kikombe chake hadi kwenye ndege kuukuu iliyoegeshwa juani, akapanda, akaketi kiti cha dirishani. Viti vile alivifunga mwenyewe, lakini hakuwahi kusafiri navyo. Siwatu alipofuata kikombe alimkuta kafunga mkanda, kiganja kakiegemeza ukutani, amelala.